"Yes, Madam" kwa kila kitu, halafu mambo hayaendi. Nimrudishe kwa wakala?

Barua

Shangazi, shikamoo.

Mimi na mume wangu ni Watanzania, tunaishi Singapore kwa ajili ya kazi yake na huu ni mwaka wa pili. Tuna watoto wawili, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka mitatu. Miezi mitatu iliyopita na mimi nilipata kazi, tukachukua dada wa kazi wa kulala nyumbani kupitia wakala, binti wa miaka 26 kutoka Myanmar. Ni mara yake ya kwanza kufanya kazi nje ya kwao na ni mara yetu ya kwanza kuajiri hapa. Dar nyumbani kwetu hakukuwahi kukosa dada wa kazi, nikadhani mambo haya nayajua.

Shangazi, kila ninachomwambia anaitikia "yes, Madam", anatabasamu, kisha kinafanyika kingine au hakifanyiki. Ameunguza kanzu mbili za mume wangu. Lakini kilichonitisha ni cha Jumatano. Mdogo ana mzio wa karanga, nilimweleza siku ya kwanza, akasema "yes". Nimerudi kazini namkuta anakula saladi ya majani ya chai ya kwao, imejaa karanga zilizopondwa, na mtoto kakaa ubavuni kwake kashika kijiko. Namshukuru Mungu hakuwa amekula. Nilipiga kelele na ninajuta, kwa sababu tangu siku hiyo binti hasemi kitu.

Halafu anakonda. Tunampa chakula kile kile tunachokula sisi, pilau, mchuzi, biriani, lakini anachukua wali mtupu na mboga kidogo, anasema ameshiba. Usiku wa manane namsikia analia kwenye kile chumba cha stoo chenye mlango wa chuma anacholala.

Wakala alitupa masharti yake. Mshahara dola 520 za Singapore. Mkopo wa binti ni dola 2,500, tulimlipa wakala sisi taslimu, na tumkate 500 kila mwezi kwa miezi mitano, abaki na 20. Pasipoti tukae nayo. Simu apewe saa mbili hadi saa tatu usiku tu. Ofu asipewe mpaka mkopo uishe, maana akitoka atapata bwana, atashika mimba na sisi tutapoteza dhamana ya dola 5,000 tuliyoiwekea serikali. Madirisha ayasafishe kila Jumamosi. Tuko ghorofa ya 11.

Mume wangu anasema arudishwe, tuchukue Mfilipino. Mimi naona kama tunamwonea, lakini naogopa kumwachia mtoto. Nifanye nini?

Mama wa wawili, Singapore

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole kwa ile Jumatano.

Nitaanza na mtoto, kwa sababu hilo halingoji wiki ijayo.

Myanmar karanga ziko kila mahali. Mafuta ya karanga ni mafuta ya kupikia ya kawaida kabisa, na saladi karibu zote hunyunyiziwa karanga za kukaanga zilizopondwa. Ukimwambia mtu wa huko kwa Kiingereza cha haraka kwamba mtoto hali karanga, anaweza kuelewa kuwa mtoto hazipendi, kama asivyopenda bamia. Kwamba kijiko kimoja kinaweza kumziba pumzi halijamfikia. Kwa hiyo leo hii ondoa ndani ya nyumba karanga, siagi ya karanga, mafuta ya karanga, mchuzi wa satay, na zile pakiti za dengu na maharage ya kukaanga zinazouzwa pamoja na majani ya chai ya kula, maana nyingi zina karanga ndani. Usimkataze saladi yake. Anunue majani matupu, achanganye nyumbani na kabichi, nyanya na vitunguu saumu vya kukaanga. Kama anataka kuongeza ufuta, muulize kwanza daktari wa mtoto.

Kisha andika karatasi kwa Kiburma, lugha kuu ya Myanmar. Kibali cha kazi za ndani Singapore hakitolewi kwa mtu asiye na angalau miaka minane ya shule, kwa hiyo anajua kusoma, na kwa wengi wao maandishi hukaa kichwani kuliko maneno ya Kiingereza. Karanga kwao ni mye pe. Tumia programu ya kutafsiri kwenye simu, lakini sentensi ziwe fupi mno: "Mtoto akila mye pe, anaweza kufa." Sentensi ndefu za Kiburma programu hizo huzipotosha vibaya. Akishasoma, mpe simu yako akuandikie yeye kwa Kiburma alichoelewa, uirudishe kwa Kiswahili. Hapo utajua.

Kama daktari amewaandikia sindano ya adrenalini, omba duka la dawa ile ya mazoezi isiyo na dawa. Afanye mbele yako mara tatu: kutoa kifuniko, kubana kwenye paja upande wa nje, hata juu ya nguo, na kushikilia kwa muda ulioandikwa kwenye sindano yenyewe. Baada ya hapo apige 995, na asome anwani kutoka karatasi iliyobandikwa mlangoni, namba ya jengo, barabara, ghorofa na namba ya mlango. Rudieni kila mwezi. Na mwambie wazi kwamba akiitumia kwa kukosea hatalaumiwa. Msichana anayeogopa kugombezwa atasita, na hapo ndipo dakika zinapopotea.

Sasa hiyo "yes, Madam". Waburma wana neno a-na-de. Ni ile haya inayomshika mtu asimsumbue mwenzake, hasa aliyemzidi umri au cheo. Kwa malezi hayo, kumwambia mwajiri "sijaelewa" ni kama kumwambia "hukueleza vizuri", na hilo halitamkiki. Kwa hiyo "yes" yake ina maana ya "nakusikia, nakuheshimu". Umeichukua kama ahadi, ukakasirika ilipovunjika, naye hajui alivunja nini.

Acha kabisa kumuuliza "umeelewa?" Sema "nionyeshe". Fanya wewe kwanza akitazama, kisha mfanye pamoja, kisha afanye peke yake ukitazama, na siku ya pili arudie bila wewe kusema neno. Kitu kimoja kipya kwa siku mbili, na kianze chenye hatari: jiko la gesi na valvu yake, halafu kuogesha mtoto, halafu mashine ya kufulia. Pasi inakuja mwisho, na mazoezi yake ni ya shuka kuukuu. Kanzu nyingi zina poliesta, na joto la pamba huziyeyusha. Weka doa la rangi ya kucha kwenye kirungu cha pasi mahali pa moto mdogo, na umwonyeshe kugeuza kanzu nje ndani. Zile mbili zilizoungua usimkate. Anayekatwa kwa kosa la kujifunza hujifunza kuficha.

Maswali ya kukanusha nayo yaache. Ukimuuliza Mburma "hujazima gesi?" naye hajaizima, lugha yake humwelekeza kujibu "ndiyo", yaani ni kweli, sijazima. Kiswahili chetu ni vivyo hivyo. Lakini nyinyi wawili mnaongea Kiingereza, na ndani ya Kiingereza hujui yuko upande gani wala yeye hajui uko upande gani. Uliza "gesi imezimwa?" au, bora zaidi, nendeni mkaitazame.

Muulize pia lugha ya mama yake. Kama ametoka Chin, Kachin au kwa Wakaren, Kiburma chenyewe huenda ni lugha yake ya pili. Na jina lake liite lote. Waburma hawana jina la ukoo, kwa hiyo maneno yote yaliyoandikwa kwenye pasipoti ni jina lake yeye, na kulikata ni kumpa jina la mtu mwingine. Mbele yake waweza kuweka "Ma", ambalo ndilo "dada" la heshima kwao. Watoto wako wanaomwita Dada tayari wamepatia.

Kwenye fedha na masharti, wakala amekuingiza pabaya, na wewe ndiye mwajiri mbele ya sheria.

Wiki moja ina siku moja ya mapumziko. Mkikubaliana aifanyie kazi, unamlipa angalau mshahara wa siku moja, ambao hupatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa 26, au unampa siku nyingine ndani ya mwezi huo huo. Kwa 520 hiyo ni dola 20 kwa siku. Na tangu Januari 1, 2023, angalau siku moja kila mwezi lazima aipumzike kweli, haibadilishwi kwa pesa. Mkopo haufuti lolote katika hayo. Kama amefanya kazi Jumapili zote za wiki 13, mnadaiwa naye dola 260. Mlipeni kando, zisiingie kwenye hesabu ya mkopo, na ofu ianze Jumapili hii.

Ile hofu ya dhamana ndiyo inayowafanya waajiri wengi wafungie watu ndani, na haina msingi. Dhamana ya dola 5,000 haichukuliwi kwa sababu mfanyakazi amevunja sharti lake mwenyewe, ikiwemo kushika mimba, mradi uwe na ushahidi kwamba ulimweleza masharti ya kibali na utoe taarifa Wizara ya Kazi mara unapojua. Mweleze kwa maandishi, asaini, uhifadhi. Yanayoweza kukuponza ni ya upande wako: kutomlipa kwa wakati, kumpeleka kufanya kazi nyumba ya rafiki, kumtumia kwenye biashara yenu.

Mkopo wa 2,500 mwombe wakala aufafanue kwa risiti. Ada ambayo wakala wa Singapore anaruhusiwa kumtoza mfanyakazi ni mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa mkataba, na haizidi miezi miwili. Kwa mkataba wa miaka miwili hiyo ni dola 1,040 kwa juu kabisa. Zinazobaki atakuambia ni gharama za Myanmar, mafunzo, pasipoti, usafiri. Zione kwenye karatasi. Na kwa kuwa wakala mmeshamlipa, kasi ya kukata iko mikononi mwenu. Mmekata 1,500, imebaki 1,000. Mkateni 200 kwa miezi mitano, aondoke na 320. Mtu anayebaki na dola 20 kwa mwezi hana cha kutuma nyumbani, na kwa aliyeacha wazazi ili awasaidie, hiyo pekee inatosha kumliza usiku.

Mlipe ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, kwa benki akitaka hivyo. Akiomba, ni lazima. Kila malipo usaini wewe na asaini yeye. Usimtunzie pesa hata akikuomba, sheria imekataza tangu 2019. Jinsi anavyozituma usiingilie sana: serikali ya Myanmar inawataka wafanyakazi wa nje wapitishe robo ya mshahara kwenye njia rasmi, na kiwango rasmi cha kubadili kyat, fedha ya kwao, kiko mbali sana na cha soko, kwa hiyo swali hilo kwao ni zito. Pasipoti mrudishie leo. Ni yake, na kuishikilia ni kosa.

Simu nayo. Singapore iko mbele ya Myanmar kwa saa moja na nusu, kwa hiyo saa mbili usiku yenu ni saa kumi na mbili na nusu jioni kwao. Umeme na mtandao huko hukatika ovyo, na sehemu zenye vita hukatika kwa siku nyingi. Saa moja uliyompa inaweza kupita kila siku bila kumpata mama yake. Mpe simu akae nayo. Mkubaliane tu isiwe mkononi anapopika, anapomwogesha mtoto na anapovuka naye barabara. Kisha muulize, siku mmekaa kwa utulivu, watu wake wako wapi na wako salama kiasi gani. Tangu mapinduzi ya Februari 2021 nchi ile iko vitani, na Machi 28, 2025 tetemeko kubwa liliharibu Sagaing na Mandalay. Mume wako naye ajue hili: sheria ya kuandikishwa jeshi iliyoanza kutekelezwa Februari 2024 inagusa wanaume wa miaka 18 hadi 35 na wanawake wa 18 hadi 27. Binti ana 26. Neno "kurudishwa" likitajwa sebuleni analisikia kwa namna tofauti na mnavyolisema.

Kukonda kwake huenda kuna sababu nyepesi kuliko unavyodhani. Wabuddha wengi wa Myanmar hawali nyama ya ng'ombe, kwa sababu ng'ombe ndiye anayewalimia. Kama pilau yenu ni ya ng'ombe, mchuzi ni wa ng'ombe, biriani vivyo hivyo, haya haimruhusu kusema. Anabaki na wali. Mwulize kwa picha: kuku, samaki, mayai, dengu, ng'ombe, aweke alama anachokula. Mnunulie mchele wa kumtosha mara tatu kwa siku, mayai trei moja kwa wiki mbili, na samaki. Ile inayoitwa ngapi kwao, yaani samaki au uduvi uliochachushwa, inanuka, lakini ni halali. Ikae kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana. Nguruwe mweleze tu kwamba hapiti kwenye sufuria zenu, ataelewa, akitaka atakula nje siku ya ofu. Na tui la nazi wanalipikia tambi na kuku, kwa hiyo siku ya kuku wa nazi mpe yeye mwiko uone. Kama ni Mkristo na ng'ombe anakula, basi tafuta sababu kwingine na umpeleke kwa daktari kwa gharama yenu. Vipimo vya lazima vya kila miezi sita navyo vinakuja, na daktari humwangalia uzito na dalili za kuteswa.

Chumba cha mlango wa chuma ni cha kujikinga na mabomu, hewa yake ni ndogo. Mlango usifungwe usiku, wekeni feni na pazia zito la kumsitiri. Kikiwa bado cha moto, alale na binti yenu mkubwa kama mnaye; chumba kimoja na mwanamume au mvulana aliyekua hapana. Kamera mkitaka, ni sebuleni na jikoni, na ajue zilipo.

Madirisha acheni Jumamosi hii hii. Sheria inaruhusu kusafisha upande wa nje pale tu grili zimefungwa kwa kufuli na mtu mzima yupo anasimamia. Wasichana wameanguka na kufa kwenye maghorofa ya mji huo, ndiyo maana sheria ikawekwa. Nguo za kuanika ni vivyo hivyo, asijiinamishe nje ya dirisha na ule mti wa kuanikia.

Jambo dogo la ufuaji, lisije likawagombanisha: akifua sketi na chupi zako mbali na nguo za mume wako, si ubishi wala kupoteza maji. Kwao nguo za kike za chini hazichanganywi na za wanaume.

Kuhusu kumbadilisha. Mfilipino atakuja na Kiingereza kizuri zaidi, na mara nyingi mshahara mkubwa zaidi. Tozo ya serikali kwa familia ya wageni kama yenu ni ile ile dola 300 kwa mwezi, bima na dhamana ni zile zile. Na mtoto wako ataanza upya na mtu asiyemjua wala kujua mzio wake. Mpe huyu wiki nane kuanzia siku atakapopata pasipoti, simu na ofu, kwa sababu miezi mitatu iliyopita hamkumwona yeye, mlimwona mtu mwenye njaa na hofu.

Wiki nane zikipita na kwenye suala la karanga bado humwamini, mwambie ukweli, na umpe ridhaa ya kuhamia kwa mwajiri mwingine badala ya kumkatia tiketi. Fanya hivyo kabla mkataba haujafikisha miezi sita, maana ukivunjika ndani ya muda huo wakala lazima amrudishie binti angalau nusu ya ada aliyomtoza. Dai hiyo nusu iandikwe, la sivyo wakala atampachika mkopo mpya juu ya wa zamani. Chakula, malazi na matibabu yake yanabaki juu yenu mpaka kibali kihamishwe. Kama mtashindwa kuelewana, kituo cha wafanyakazi wa ndani cha Singapore, CDE, husikiliza pande zote mbili.

Jumapili hii mpe nauli na ramani ya Peninsula Plaza, karibu na stesheni ya City Hall. Maduka ya Waburma yamejaa pale, vyakula, wakala wa kutuma pesa, watu wa lugha yake. Kama ni Mbuddha, hekalu la Waburma liko Tai Gin Road. Mwandikie namba ya basi ya kurudi na saa ya chakula cha jioni, na umwombe msamaha kwa zile kelele za Jumatano kabla hajatoka.

Shangazi